Nani Bingwa kwa Lipi: Matunda na Kokwa za Uzeeni

Kwa fisetini, kemikali ya mimea, bingwa ni stroberi: takriban mikrogramu 160 kwa gramu moja, na tufaha linafuata kwa mbali. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwapa panya wazee kemikali hiyo, wakaishi muda mrefu zaidi. Dozi yao, hata hivyo, ilikuwa kubwa mno kuliko inayopatikana kwenye sahani ya matunda.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2012, ulihusu binadamu: wanawake 16,010 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kwa waliopenda bluberi na stroberi, kudhoofika kwa akili kulionekana kuchelewa kwa hadi miaka 2.5. Hauthibitishi kwamba matunda ndiyo sababu, lakini mimi nauheshimu kuliko ule wa panya.

Maajabu makubwa zaidi yako kwenye komamanga. Lina elajitanini nyingi, ambazo mwili peke yake hauzitumii vizuri. Bakteria wa utumbo huzivunja hadi kupata urolitini A, inayosaidia seli kuondoa mitokondria chakavu na kutengeneza mpya. Mwaka 2016, huko Lausanne, Uswisi, minyoo wadogo waliopewa urolitini A waliishi asilimia 45 zaidi. Ila si kila mtu ana bakteria hao, kwa hiyo wawili wanaweza kugawana komamanga moja na faida hii akaipata mmoja tu. Jozi nazo zina elajitanini, na katika kokwa zinazouzwa sana ndizo zinazoongoza kwa omega-3 ya mimea.

Karanga ya Brazil inashika rekodi ya seleni: moja tu inaweza kupita mahitaji ya mtu mzima kwa siku, mikrogramu 55. Kula nyingi kila siku ni hatari.

Tahadhari na orodha za "antioksidanti nyingi kuliko zote". Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa yake 2012, kwa kuwa kipimo cha maabara hakikuonyesha kinachotokea mwilini.

Na msihangaike na bluberi za bei. Zambarau inayoacha ulimi umeiva rangi imejaa antosianini, jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye bluberi. Karanga nazo tuzile na ngozi zake nyekundu, ndiko polifenoli zilikojaa. Lakini iliyoota ukungu, au inayochachuka mdomoni kwa uchungu, iteme. Sumukuvu haimaliziki kwa kukaanga.