Je, Wajua? Chanjo ya HPV Haina Kirusi Ndani

Chanjo inayokinga saratani ya mlango wa kizazi haina kirusi chenyewe kinachosababisha saratani hiyo, yaani HPV, kiwe hai au kimekufa. Kilichomo ni protini za ganda la nje la HPV, zilizotengenezwa maabara na kujiunga zenyewe kuwa vitufe vitupu. Mwili ukiviona hudhani umevamiwa na kutengeneza kingamwili. Vinasaba vya kirusi havimo, hivyo chanjo haiwezi kumwambukiza msichana. Na ule uvumi wa WhatsApp kwamba inaleta ugumba? Tafiti hazijauthibitisha. Kinyume chake, matibabu ya saratani yenyewe ndiyo mara nyingi huondoa kizazi.

Aina 2 tu za HPV, namba 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyebaini uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka 2011 Rwanda ikawa ya kwanza Afrika kuchanja wasichana nchi nzima, ikiwafuata shuleni, na ikawafikia zaidi ya asilimia 90 ya walengwa. Tanzania ilianza 2018, Kenya 2019. Siku hizi Tanzania hutoa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Aliyechanjwa bado atahitaji uchunguzi ukubwani, maana aina nyingine za HPV zinaweza kupenya. Vituo vingi hutumia asidi ile ile ya siki ya kachumbari: muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Majibu hutoka kabla mama hajashuka kitandani.