Urojo wa Forodhani tunakula, lakini Jumba la Maajabu je?

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

KAMA umezaliwa mjini Unguja baada ya mwaka 2008 hivi, basi pole sana. Bustani ya Forodhani unaijua nje ndani. Unajua nani anatia bajia za moto kwenye urojo, nani anatia za jana, na unajua pa kukaa na mwenzio bila shangazi kuwaona. Lakini lile jumba refu jeupe lililokuwa likiitazama bustani, lenye baraza za kuzunguka na mnara wa saa, wewe hukuingia. Milango ilifungwa mwaka 2012, na wewe ulikuwa bado unasukumwa kwenye kigari.

Sisi tuliingia, bwana. Tena tuliingia tukikimbia.

Wakubwa wanaliita Beit al Ajaib. Sultani Barghash ndiye aliyelijenga mwaka 1883, na halikuwa la kulala mtu, lilikuwa la fahari. Ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza hapa kwetu kuwa na taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watu wa mji walipoona vitu vile wakabaki vinywa wazi, na jina likashika hapo hapo: Jumba la Maajabu. Waingereza wakaligeuza ofisi zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama cha ASP, kisha likakaa kaa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani nzima ya Waswahili.

Hapo ndipo skuli za mjini zilipopata pa kutupeleka.

Safari yenyewe ilikuwa ya miguu. Mnapangwa wawili wawili, wasichana mitandio meupe, wavulana mashati yamechomolewa tayari kabla hamjafika Darajani. Mwalimu mbele, mwalimu nyuma, na kila mmoja ana pesa kidogo ya juisi ya miwa aliyoifunga kwenye leso. Mkifika pale, kitu cha kwanza ni mizinga miwili ya shaba ya Wareno iliyokuwa mbele ya mlango. Hakuna mtoto aliyepita bila kuipanda. Mwalimu anafoka, mnashuka, akigeuka mnapanda tena.

Halafu mlango. Mlango ule ulikuwa wa kuchongwa, mkubwa ajabu, na hapo ndipo uongo wa kitoto ulipoanzia. Tuliambiwa umefanywa mpana ili Sultani aingie amepanda tembo. Kama ni kweli au si kweli sijui nani wa kumwuliza, ila mimi nilimwamini aliyeniambia, na aliyeniambia alikuwa darasa la nne. Huyo huyo akasema chini ya nguzo wamezikwa watu. Basi ukimwona mtoto anatembea katikati ya ukumbi kama anayevuka barabara ya Creek Road, elewa anaogopa nguzo.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Sakafu ya marumaru, uwazi mkubwa hadi juu, ngazi pana, na sauti ya watoto arobaini ikirudi kutoka darini kama ya watoto mia nne. Na pale chini, katikati kabisa, kumesimama chombo.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hiki ndicho ambacho wenzangu wote wa rika hili hukitaja kwanza ukiwauliza.

Kilikuwa ni mtepe. Usichanganye na jahazi. Mtepe ni chombo cha kushonwa: mbao zinatobolewa, zinaungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hakuna msumari hata mmoja. Tanga lake si la kitambaa, ni la mkeka uliosukwa kwa ukili. Mitepe ndiyo iliyokuwa ikibeba boriti za mikoko kutoka upande wa Lamu kuja kwetu, na wazee wanasema pua yake ilichongwa kwa mfano wa kichwa cha ngamia wa Mtume. Kwa sababu imeshonwa, ikigonga fungu inanyumbuka, haivunjiki ovyo. Lakini pia ilivuja, tena sana, na baharia mmoja kazi yake ilikuwa kufua maji tu kuanzia bandari hadi bandari. Kufika miaka ya 1930 mitepe ya kweli ilikuwa imekwisha baharini. Ule wa Jumba la Maajabu mafundi waliushona upya mwaka 2003, wakaupa jina Shungwaya.

Sasa fikiria mtoto wa mjini anayejua boti ya Dar tu, injini inanguruma, televisheni inaonyesha sinema. Anaoneshwa chombo kikubwa kuliko nyumba ya kwao, anaambiwa kimeshikwa na kamba ile ile ya kufungia kuku. Mwenzetu mmoja alitia kidole kwenye tundu la mshono ahakikishe. Mlinzi alimkemea mpaka akalia. Leo ni fundi wa boti za kitalii kule Nungwi, na ukimtania kuhusu siku ile anacheka, lakini anakwambia mishono ile ilivyopishana bila kukosea hata mmoja.

Juu kulikuwa na vyumba vya mambo ya nyumbani. Kanga na maneno yake, vyombo vya jikoni, mambo ya waganga na dawa za miti. Hivi vya jikoni ndivyo vilivyowachekesha bibi zetu. Bibi yangu nilipomwambia nimeona mbuzi ya kukunia nazi, imewekwa vizuri na maelezo yake, akaniuliza, "Na wazungu wanalipa kuiangalia?" Nikamwambia ndiyo. Akainuka juu ya yake, akaifuta vumbi, akasema basi na hii wakija mjini waelekeze huku uani.

Alitania, lakini mimi naona hapo ndipo jumba lile lilipokuwa na maana kwetu. Kasri zote za ukanda ule zilikuwa za wenyewe. Mkunazi wako, mkeka wako na mbuzi yako havikuwa na mlango wa kuingilia. Halafu siku moja vikaingia, tena kwa mlango ule wa tembo!

Kwenye baraza ya juu ndiko tulikopumzikia. Unaona bustani yote, jahazi, meli, mpaka visiwa. Mwalimu wa historia alipenda kutusimamisha pale atueleze vita vya Agosti 27, 1896, Sayyid Khalid alipokalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Manowari zilijipanga pale pale baharini mbele yetu, zikapiga. Muda wake haukuzidi dakika 45, yaani kipindi kimoja cha mpira, refa hajapuliza hata mapumziko. Kasri zikawa kifusi, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama, na watu wetu mamia waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la Maajabu likabaki limesimama. Mnara uliokuwa mbele yake ndio ulioharibika, kwa hiyo mwaka uliofuata wakaweka mnara wa saa kwenye jengo lenyewe.

Mizinga ya Waingereza haikuliangusha. Mvua ndiyo iliyoliangusha.

Mapaa yalivuja, chuma ndani kikala kutu, chumvi ya bahari nayo haina likizo. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ikaanguka na makumbusho yakafungwa. Mji Mkongwe ulikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa. Kazi ya ukarabati ilikuja kuanza kwa msaada wa Oman, na kazi ikiwa inaendelea, mchana wa Desemba 25, 2020, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Siku ile simu za mji mzima zilijaa video moja tu, vumbi jeupe limefunika barabara ya Forodhani, na watu wanakimbia huku wakitaja jina la Mungu.

Kuna waliosema, ah, si jengo tu la Sultani, bora lingebomolewa zamani pajengwe hoteli. Wasemao hivyo naona hawakuwahi kupita pale na foleni ya skuli. Jengo lilianza kwa Barghash, sawa, lakini la mwisho kulipata uhai lilikuwa ni kundi la watoto wenye vidole vya ukwaju wakigombania kushika mtepe.

Kinachoniuma ni picha. Enzi zile simu za kamera walikuwa nazo wachache, na ndani mlinzi alikuwa hataki mchezo. Nimewauliza wenzangu wa darasa langu, kila mtu anasema zipo, kila mtu hazioni. Iliyopatikana ni moja, aliipiga baba wa mwenzetu kutoka upande wa bustani. Tumepangwa mistari mitatu, nusu ya sura zimefumba macho kwa jua, mmoja ana bomba la juisi mdomoni. Nyuma yetu mnara umeingia mzima. Ukiisogeza karibu unaona hata mishale ya saa: saa tano kasoro robo, na mwalimu alikuwa ametuambia turudi saa nne na nusu.