"Gari Haliwaki": Kauli Moja, Hitilafu Mbili

Katika fomu za matengenezo ya magari hukutwa mara nyingi kauli hii: "Gari haliwaki." Ni Kiswahili safi, lakini haimfai fundi, kwani yaficha hitilafu mbili tofauti.

Ya kwanza ni injini kutozunguka, au kuzunguka kwa uzito. Ufunguo ukigeuzwa, pengine husikika mlio mdogo tu. Hapo sababu hutafutwa kwenye betri, nyaya zake na stata. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia hupima volti 12.6 hivi; ikipima chini ya 12, imekwisha nguvu. Vichwa vya betri vilivyoshika kutu navyo huzuia umeme. Visafishwe na kukazwa kabla ya kununua betri mpya.

Ya pili ni injini kuzunguka vizuri bila kuwaka. Hapo stata imetimiza wajibu wake. Katika injini ya petroli, yafaa kuchunguza kama mafuta yanafika na kama plagi zinatoa cheche.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri na walimu wavitenge vitenzi hivi viwili: kuzunguka kutaje kazi inayofanywa na stata, na kuwaka kutaje injini kujiendesha kwa mafuta yake. Karani akiandika, "Injini yazunguka lakini haiwaki," amekwisha kumwonyesha fundi pa kuanzia, na fedha za umma hazitapotea kwa kununua betri isiyohitajika.