Kumbukumbu ya Kilimanjaro iko Ohio

Kuna kipande cha Mlima Kilimanjaro ambacho hakipo Kilimanjaro. Kiko Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ndani ya chumba cha baridi kali, nyuzi 34 chini ya sifuri. Nilikutana na habari hii nikitafuta takwimu za makala nyingine kabisa, na tangu hapo imekataa kunitoka kichwani.

Mwanzoni mwa mwaka 2000, Lonnie Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walipanda Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha mlima huo, na mashine ya kuchoronga. Walitoboa barafu ya kileleni mahali sita, wakatoa miche ya barafu, na wapagazi wetu wakaishusha kipande kwa kipande. Mche mrefu kuliko yote, uliotoka kwenye Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, ulikuwa na karibu mita 50. Thompson alikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ilianza kujijenga miaka ipatayo 11,700 iliyopita.

Mzee huyu alizaliwa West Virginia, eneo la makaa ya mawe, na alipoanza jiolojia alilenga makaa hayohayo. Badala yake maisha yake yameishia kwenye barafu za milima mirefu, kuanzia Peru hadi Tibet, na kila anakofika hoja yake ni ileile: barafu inatunza habari za miaka ambayo hakuna aliyeiandika.

Namna inavyotunza ndiyo iliyonikamata. Theluji ikianguka, inafunika vumbi lililoletwa na upepo msimu ule. Theluji nyingine inakuja juu yake, inaikandamiza, hewa inanaswa ndani katika viputo vidogo, na tabaka linafungwa. Msimu wa mvua nyingi unaacha vumbi kidogo. Ukame unaacha vumbi jingi. Sasa, ndani ya barafu ile ya Kibo mna tabaka la vumbi lenye unene wa milimita 30. Pima kwenye rula. Mahali ambapo vumbi la miaka mingi kwa kawaida ni chembe tu, milimita 30 ni jambo la kutisha. Thompson analisoma tabaka hilo kuwa ni ukame ulioanza miaka kama 4,200 iliyopita na kudumu karibu karne tatu, wakati uleule ambao utawala wa kale wa Misri ulikuwa ukiyumba. Kabla ya hapo, kwa maelezo yake, Afrika ya kitropiki ilikuwa na mvua kuliko leo, na maziwa yake yalijaa zaidi.

Barafu ya Kibo ilipita katika ukame huo ikabaki. Hili Thompson hulirudia sana, na namwelewa. Maana pale juu kabisa ya mche, katika sehemu isiyofika hata mita moja, alikuta viputo vilivyorefuka na kupinda, dalili kwamba barafu ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena. Mita zote zilizobaki chini yake hazikuwa na dalili hiyo. Miaka elfu na elfu bila viputo vya namna ile, kisha vinatokea juu, upande wetu.

Karibu na juu huko huko aliona pia klorini yenye mionzi, iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo iliyomsaidia kutambua umri wa tabaka za karibuni. Lakini mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha vipimo vipya: kati ya 2000 na 2007 Uwanja wa Kaskazini ulikuwa umepungua unene kwa mita 1.9, na ule wa Kusini kwa mita 5.1. Barafu hii inaliwa pia kutokea juu, na juu ndiko iliko miaka ya karibuni. Ni kitabu kinachochanwa kuanzia ukurasa wa mwisho. Miaka ya wazazi wetu na babu zetu ndiyo inayotangulia kupotea mlimani, na nakala iliyochukuliwa mapema iko kwenye chumba kile cha Ohio.

Wapo wanasayansi wanaotofautiana naye. Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy wamesisitiza kuwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya eneo hili imekuwa kavu zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Thompson haukatai ukavu. Anachosema ni kwamba viputo vile vinaonyesha kuyeyuka, na kwamba barafu za Mlima Kenya na Ruwenzori nazo zinakwisha, kwa hiyo si mambo ya Kibo peke yake.

Halafu kuna ule utabiri. Mwaka 2002 timu yake iliandika kwamba, iwapo hali ya hewa ya wakati ule itaendelea vilevile, barafu iliyobaki huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Sharti hilo lilidondoka njiani. Redio, magazeti na mabango yakabaki na tarehe tupu. Mwaka 2020 ukapita na barafu bado ipo, kidogo na iliyokatikakatika, na wasioamini wakapata cha kushangilia. Mwanafunzi aliyekariri tarehe bila sharti lake, sisi tuliomfundisha vile tunamwambia nini leo?

Tumemfundisha pia kwamba barafu ikiisha, Moshi itakosa maji. Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa maji mengi yanatokana na msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu, na kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu ni hasara kubwa zaidi kwa maji kuliko kuisha kwa barafu. Oktoba 2020 na Oktoba 2022 tuliuona moto huo kwa macho. Kwa hiyo, upande wa maji, pa kulilia ni msituni. Barafu naililia kwa sababu nyingine, ya kumbukumbu, na sababu hiyo sijaisikia ikitajwa darasani.

Hata umri wa miaka 11,700 una ubishi. Mwaka 2010 Kaser na wenzake walihoji kama kweli barafu ya Kibo imedumu mfululizo muda wote huo, au imekuwa ikija na kuondoka. Kulijibu swali hilo kunahitaji barafu, ama ya kileleni inayozidi kupungua, ama ya Columbus. Na vipimo vingi huyeyusha sampuli, ambayo hairudi tena. Je, kabla kipande kingine hakijakatwa, yupo Mtanzania anayeulizwa? Na yuko wapi kijana wa Rombo au Machame anayesomeshwa ili siku moja awe ndiye anayekikata?