Gundi Inayolinda: Utangulizi wa Hariri na Vijidudu

Huenda hariri unaijua kama kitambaa laini cha sherehe. Hapa naomba tuiache nguo kwanza, tuanze na mdudu mwenyewe, kwa kuwa hariri ni yake kabla haijawa yetu.

Kiwavi wa Bombyx mori, nondo wa hariri anayefugwa, hula majani ya mforosadi kwa takriban mwezi mmoja. Kisha huacha kula, hutoa uzi mdomoni na kujizungushia mpaka asionekane. Nyumba hiyo ndiyo kifukofuko. Ndani yake hugeuka pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo, na kwa wiki mbili hivi hawezi kukimbia wala kujisafisha.

Adui zake ni wa kweli. Mwaka 1835, Mwitalia Agostino Bassi alionyesha kuwa ugonjwa uliowaua viwavi wa hariri na kuwaacha wamefunikwa unga mweupe ulisababishwa na kuvu. Leo kuvu hiyo huitwa Beauveria bassiana, kwa heshima yake. Hupenya ngozi ya mdudu kwa msaada wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Vimeng'enya vinavyokatakata protini nyingine huitwa proteasi. Lishike neno hili, tutalihitaji sasa hivi.

Uzi wa hariri una sehemu mbili kuu. Kiini chake, chenye nguvu, ni protini iitwayo fibroini. Kinachokizunguka ni serisini, gundi inayogandisha uzi juu ya uzi, ambayo ni kama robo ya uzito wote. Kwangu mimi, utamu wa somo hili umo katika gundi. Humo mna protini ndogondogo zinazoziba proteasi, mfano wa kijiti kilichokwama kati ya meno ya mkasi: mkasi upo, lakini haukati. Mna pia seroini, protini ambazo maabara zimeonyesha kuwa hudumaza ukuaji wa bakteria.

Basi shati la hariri nalo huua bakteria? Swali hili huwatatiza wengi, na ni swali zuri. Kabla au baada ya kufumwa, uzi huchemshwa kwa sabuni au magadi ili gundi itoke, na ulinzi mwingi huondoka nayo. Tena, kemikali za kuchemshia zikibaki kwenye uzi zinaweza zenyewe kuua bakteria, sifa ikapewa hariri. Hata uzi wa hariri wa kushonea vidonda, ukiwa umesukwa, bakteria huweza kujibanza kati ya nyuzi zake.

Ukipata kifukofuko, kikate taratibu kwa mkasi. Nje kina manyoyanyoya, ndani ni kikavu na laini kama karatasi. Kando ya pupa utaona kitu cheusi kilichojikunja: ni ngozi ya mwisho aliyoivua kiwavi. Ni chakula tosha cha bakteria, na pupa hulala nacho chumba kimoja mpaka siku ya kutoka.