Umeme Ukikatika, Nani Huwasha Jenereta?



Ni saa nane usiku. Katika kituo cha afya mama mmoja yuko juu ya meza ya upasuaji. Ghafla umeme unakatika. Giza. Daktari anasimama na mikono yake juu, na wauguzi wanangoja. Huko nje, ndani ya kibanda, jenereta inatakiwa ingurume yenyewe bila kuguswa na mtu. Ikinguruma, taa zinarudi upesi na kazi inaendelea. Isiponguruma, mlinzi anatafutwa, ufunguo unatafutwa, tochi inatafutwa. Mama yule bado yuko mezani.

Hata kama hakuna upasuaji, kuna friji la chanjo. Chanjo nyingi za watoto wetu hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Joto likizidi kwa muda mrefu, dawa inaharibika, na kwa macho huwezi kuona tofauti.

Sasa, nani anaiwasha jenereta usiku ule? Ni kisanduku kidogo chenye kioo na vitufe, kilichofungwa kwenye mlango wa jenereta. Mafundi wanakiita kontrola. Leo tutaeleza kazi yake, jinsi ya kuitunza, na wakati gani inafaa kuibadilisha.

Kontrola inafanya kazi gani?

Kontrola ni mlinzi asiyelala. Usiku na mchana inatazama umeme wa TANESCO. Umeme ukikatika haiwashi jenereta papo hapo. Inangoja sekunde chache, maana pengine umeme umepepesa tu. Usiporudi, kontrola inafungua njia ya dizeli na kuiamuru stata izungushe injini. Injini ikikataa, stata inapumzika kidogo, halafu inajaribu tena. Kontrola nyingi hupangwa zijaribu mara 3. Zikishindwa zinaacha, zinapiga honi na kuandika kosa kwenye kioo. Zingeendelea kuzungusha, zingeunguza stata na kumaliza betri.

Injini ikishawaka na umeme wake kutulia, kontrola inaiamuru swichi kubwa ya kubadilishia umeme. Swichi hiyo mafundi wanaiita chenjiova. Inakata waya za TANESCO kwanza, ndipo inaunga waya za jenereta. Umeme hizi mbili hazitakiwi kukutana hata kidogo. Tutalirudia jambo hili.

Umeme wa TANESCO ukirudi, kontrola inangoja tena dakika kadhaa ione kama umerudi kweli. Halafu inarudisha chenjiova, na kuiacha injini izunguke bila mzigo ili ipoe. Ndipo inaizima. Hapo watu wengi hukosea. Wanaona taa za TANESCO zimewaka na jenereta bado inanguruma, wanadhani imegoma kuzimika, wanabonyeza kitufe kikubwa chekundu. Jamani, kitufe kile ni cha hatari tu, kama moto. Ukikibonyeza kinajifunga. Mpaka mtu akizungushe au akivute kitoke nje, jenereta haiwezi kuwaka tena. Kwa hiyo umeme ukikatika kesho, mtalala gizani na mtasema kontrola mbovu.

Kazi nyingine ya kontrola ni kulinda injini. Oili ikipungua nguvu, maji yakichemka, au injini ikikimbia kupita kiasi, inaizima. Usimwombe fundi akate waya hizo eti ili mashine isisumbue. Mashine isiyosumbua namna hiyo hufa mara moja tu.

Betri iliyodanganya watu

Mwaka 2023 nilikuwa katika kijiji kimoja kuangalia darasa la kisomo. Nikakuta mkutano. Jenereta ya kituo chao haiwaki yenyewe. Fundi aliyeletwa amesema kontrola imekufa, inunuliwe nyingine. Kila kaya ichange. Watu wananung'unika, na wana haki, maana mavuno hayakuwa mazuri.

Tukaenda kibandani. Fundi akabonyeza kitufe. Kioo kilikuwa kinawaka vizuri, lakini stata ilipotaka kuzunguka ikatoa sauti ya tak, kioo kikazimika, kikawaka upya. "Mnaona?" akasema. "Kontrola inajizima yenyewe."

Mama mmoja wa darasa letu alikuwa ameinama karibu na betri. Akafuta vumbi kwa kanga yake, akasoma polepole. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa pameandikwa 2017. Betri hii ina miaka sita?"

Ilikuwa na miaka sita. Tena vichwa vyake vilikuwa na unga mweupe kama chokaa. Tukaazima betri ya trekta ya volti zilezile, fundi akasafisha waya na kuziunga. Jenereta ikawaka mara ya kwanza. Nitamsifu fundi yule kwa jambo moja: alicheka, akamwambia yule mama, "Shikamoo mwalimu."

Sababu ni hii. Kuwasha kioo kunahitaji umeme kidogo sana. Kuzungusha injini kunahitaji umeme mwingi mno kwa ghafla. Betri iliyochoka inaweza kazi ya kwanza, ya pili inashindwa. Volti zinaanguka, kontrola inakosa chakula, inazimika. Aliyechoka ni betri, anayelaumiwa ni kontrola.

Betri nzuri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika hupimwa volti 12.6 hivi au zaidi kidogo. Chaja ikiwa inafanya kazi utaona zaidi ya 13. Kila jenereta ya namna hii ina chaja ndogo inayokula umeme wa TANESCO ili betri ibaki imejaa. Fyuzi ya chaja ikiungua, hakuna anayejua. Betri inakauka polepole, kwa sababu kontrola nayo huinyonya kidogo kidogo kila siku. Mtajua siku ya giza.

Utunzaji wa kila wiki

Kwanza tahadhari. Jenereta iliyo tayari inaweza kuwaka wakati wowote, hata mkono wako ukiwa kwenye mkanda wa feni. Kabla ya kugusa kitu chochote kinachozunguka, weka kontrola kwenye kuzima, kisha fungua waya wa betri wa upande wa kutoa. Tundika karatasi: MTU ANAFANYA KAZI. Usivute sigara karibu na betri, maana hutoa hewa inayolipuka. Wala jenereta isiwekwe ndani ya jengo au karibu na dirisha la wodi. Moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Mtu mmoja achaguliwe, awe na daftari. Asome kwanza kontrola iko wapi: neno AUTO, herufi nne, liwe na taa. Hiyo maana yake mashine itajiwasha. Ikiwa iko kwenye kuzima au kwenye kuwasha kwa mkono, haitajiwasha, na hilo si kosa lake. Atazame kitufe chekundu kama kimetoka nje. Apime oili, maji ya rejeta na dizeli. Asafishe vichwa vya betri, avikaze, avipake grisi. Afungue kisanduku? Hapana, hiyo ni kazi ya fundi. Lakini aangalie matundu yanayopita waya. Mijusi na sisimizi hupenda joto la mle ndani, na panya hula waya.

Mara moja kwa mwezi, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi na wakati hakuna upasuaji, swichi kuu ya TANESCO izimwe kwa makusudi. Jenereta ijiwashe na ibebe taa na friji kwa nusu saa. Kuiwasha kwa kitufe tu hakutoshi. Kitufe hakijaribu kama kontrola inaona giza, wala hakijaribu chenjiova. Andika tarehe, sekunde zilizopita mpaka taa zikawaka, na volti za betri. Miezi ikipita, sekunde zikiongezeka au volti zikishuka, daftari litakuambia mapema.

Kama kuna mtu atachomelea vyuma kwenye fremu ya jenereta, kontrola na betri zifunguliwe kwanza. Umeme wa kuchomelea umeua kontrola nyingi nzima.

Kubadilisha kontrola

Basi betri ni nzima, chaja ni nzima, fyuzi ni nzima, waya hazijaliwa, na bado kioo ni cheusi au mashine haioni giza. Hapo ndipo tuseme kontrola imekufa. Radi huzipiga, na maji yakiingia huozesha.

Aitwe fundi umeme mwenye leseni. Sisi wengine tusiguse. Hata hivyo kamati isimame pale itazame, kwa sababu mambo mengine hayahitaji ufundi kuyaona. Azime umeme wa TANESCO na chaja, afungue betri. Kila waya awekewe karatasi yenye namba kabla ya kufunguliwa, na picha ipigwe kwa simu. Fundi anayefungua waya 30 bila kuandika hata moja, mwambieni asubiri kwanza.

Kontrola mpya haitoki dukani ikiijua injini yenu. Lazima ifundishwe: betri ni ya volti 12 au 24, umeme wa TANESCO ukishuka kiasi gani uhesabiwe umekatika, ingoje sekunde ngapi, ijaribu mara ngapi, oili ikishuka wapi izime, na injini izunguke mara ngapi. Jenereta nyingi za dizeli huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Namba zote hizo ziandikwe katika daftari la kituo, zisibaki kichwani mwa fundi.

Na chenjiova. Fundi akisema ataunga waya moja kwa moja "kwa muda tu", kataeni. Umeme wa jenereta ukirudi kwenye nguzo, unafika kwenye transfoma. Transfoma ile kazi yake ni kushusha volti 11,000 au 33,000 ziwe 400 na 230 za kutumia sisi. Umeme ukiingia kinyume, inapandisha. Yule kijana wa TANESCO aliye juu ya nguzo kutengeneza waya mliodhani umekufa, anakutana na maelfu ya volti kutoka kibandani kwenu.

Kabla ya kulipa, fundi azime swichi kuu mbele ya kamati. Hesabuni kwa sauti mpaka taa ziwake. Awashe swichi, mngoje jenereta irudishe umeme, ipoe, izimike yenyewe. Halafu arudie mara ya pili. Mtu wa daftari aandike sekunde zote, na fundi atie sahihi chini yake.