Pombe, Bia na Kimea: Tatizo la Kuainisha Vileo

Tuseme Ofisa Mtendaji wa Kata ya Kilangali, wilayani Kilosa, ametakiwa kuorodhesha vileo vinavyouzwa katika eneo lake. Atakuta komoni, inayopikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Atakuta kangara, ya pumba za mahindi na asali au sukari. Pengine atakuta ulanzi ulioletwa kutoka Iringa. Na madukani atakuta bia za chupa. Je, vyote hivyo ni pombe? Bila shaka. Je, vyote ni bia? Hapo ndipo penye tatizo, na ndilo tunalokusudia kulieleza katika makala haya.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kamusi za zamani, kama ile ya Madan ya mwaka 1903, zilieleza pombe kuwa kileo cha nafaka. Kileo cha mnazi kiliitwa tembo. Maana ya pombe ilipanuka baadaye hata ikakumbatia kila kileo. Nalo neno bia, lililotoka katika Kiingereza, likashika kinywaji cha kiwandani, cheupe na chenye povu. Matokeo yake ni kwamba komoni imebaki bila jina la jamii yake: pombe ni pana mno, na bia ni finyu mno.

Pili, sayansi inasemaje? Msingi wa bia ni kimea, si chupa wala kiwanda. Kimea ni nafaka iliyolowekwa ikachipua, kisha ikakaushwa. Punje inapochipua hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari; kisha hamira huila sukari hiyo na kutoa alkoholi. Kwa kipimo hiki komoni ni ndugu wa bia ya shayiri. Ulanzi si ndugu yake, kwa kuwa ni utomvu wa mwanzi mchanga ambao tayari una sukari. Hivyo ulanzi hukaa pamoja na tembo. Wanzuki wa asali nao hukaa upande huo huo. Gongo ni jambo jingine kabisa: ni kileo kilichokenekwa, yaani kilichochemshwa kikawa mvuke, na mvuke ukapozwa ukawa maji.

Bia za viwandani nazo zina matawi mawili makuu, yanayotofautiana kwa hamira. Tawi la kwanza, liitwalo eli, hutumia hamira inayopanda juu ya pipa na kufanya kazi katika joto la takriban nyuzi 15 hadi 24 za Selsiasi. Stauti nyeusi imo humo. Tawi la pili ni laga, ambayo hamira yake huzama chini na kufanya kazi polepole katika baridi ya nyuzi 7 hadi 13 hivi. Bia nyingi za Afrika Mashariki ni laga. Msomaji asidhani kwamba Wazungu waliyapanga majina yao kwa kanuni moja. Laga ni neno la Kijerumani linalohusu kuweka ghalani, kwa sababu bia hiyo hukaa muda mrefu katika baridi. Pilsna ni jina la mji wa Pilsen, ilikopikwa mara ya kwanza mwaka 1842. Jina moja linataja ghala, jingine linataja mji. Kwa hiyo kuyafasiri neno kwa neno hakufai; tuyatohoe, kisha tuyafafanue.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inatenga pombe za kienyeji na vileo vingine, na sheria ya mwaka 1966 inayohusu utengenezaji wa moshi inashughulikia kileo cha kukenekwa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria ni kubwa. Mtafsiri akiandika "pombe" kila mahali, mama mpika komoni na mkenekaji wa gongo watasomeka kana kwamba wanafanya kazi moja. Leseni ya mmoja na kosa la mwingine havistahili kutegemea uvivu wa kalamu.

Tunapendekeza, basi, istilahi zifuatazo:

1. Kileo: jina la jumla katika maandishi ya kisheria.
2. Pombe ya kimea: jamii nzima ya vileo vya nafaka, ikiwa ni pamoja na komoni na bia.
3. Bia: pombe ya kimea ya kiwandani; matawi yake ni eli na laga.
4. Pombe ya sukari asilia: tembo, ulanzi, wanzuki na mfano wake.
5. Kileo cha kukenekwa: gongo na vinywaji vikali vya viwandani.

Mpango huu una pengo. Mbege ya Kilimanjaro huchanganya ndizi na kimea cha ulezi, na kangara nayo hutiwa asali au sukari. Kwa maoni yetu, palipo na kimea kiwekwe katika fungu la pili, na mchanganyiko utajwe. Wasomaji wanaozijua pombe za sehemu zao watuandikie majina na namna ya upishi, maana istilahi isiyomtambua mpishi haitadumu.